Kibofu kilichojaa tangu asubuhi: kisa cha mtoto mwenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne

Mama alikisukuma kiti mwendo mpaka pembeni ya meza yangu, akafunga breki, kisha akafungua mfuko wa kitambaa uliokuwa umening'inia mpinioni na kumwaga vilivyomo. Pakiti tupu za siprofloksasini. Chupa ya amoksilini iliyobaki robo. Vichupa vitano vya sindano ya seftriaksoni vilivyofungwa pamoja kwa mpira wa pesa. Zote antibayotiki. Alivitunza kwa sababu alijua daktari atakayefuata atamuuliza mtoto alipewa nini.

"UTI sugu, daktari. Mwezi wa tano huu. Anapona wiki moja, inarudi."

Mtoto aliniamkia, "Shikamoo," kisha akageuza macho ukutani. Ana miaka 11, yuko darasa la tano, anaishi kijijini wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, pamoja na wazazi wake na mdogo wake wa kiume. Ugonjwa wake ulijulikana akiwa na miaka 7, baada ya kuanguka ovyo kwa muda mrefu na kila anapoinuka kutoka sakafuni kujishika mapaja na kujipandisha kwa mikono kama anayekwea mti. Kimeng'enya cha misuli kwenye damu, CK, kilikuwa juu kupita kiasi, na kipimo cha jeni kikathibitisha ugonjwa wa Duchenne. Aliacha kutembea akiwa na miaka kumi na kitu, miezi minane kabla ya siku hiyo.

Miezi minane kwenye kiti, miezi mitano ya "UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Hesabu hiyo ilikuwa mbele yangu tangu dakika ya kwanza na sikuiona. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu hiyo.

Kwa msomaji asiyeufahamu ugonjwa wenyewe: Duchenne hutokana na kasoro kwenye jeni iliyoko kwenye kromosomu X, jeni inayotengeneza protini iitwayo distrofini. Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1987. Kazi yake ni kuishikiza nyuzi ya misuli isipasuke inapojikunja na kujinyoosha. Ikikosekana, misuli huchanika kidogo kidogo na nafasi yake huchukuliwa na mafuta na makovu. Huwapata karibu wavulana peke yao, takriban mmoja katika kila wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Mara nyingi mama ndiye mbebaji wa jeni, lakini takriban theluthi moja ya watoto huipata kasoro upya, hakuna aliyewapa. Mama huyu alikuwa ameshaambiwa na watu wa ukweni kwamba "ugonjwa umetoka kwenu". Hata pale anapokuwa mbebaji, mama hakuichagua jeni yake, na nilimwambia hivyo mbele ya mume wake kwa makusudi.

Sasa kibofu. Tukifundisha Duchenne huwa tunasema miguu, mgongo, moyo, mapafu. Kibofu hakitajwi. Ukiwauliza wazazi kwa subira, wengi watakuambia mtoto anabanwa ghafla, au anajikojolea kidogo, au anakojoa kwa kusubiri sana. Distrofini iko pia kwenye misuli laini, ile inayojenga ukuta wa kibofu na utumbo, kwa hiyo si ajabu viungo hivyo vikalegea kwa miaka. Misuli ya tumbo nayo ni dhaifu, na mtoto hawezi kusukuma. Lakini neva zinazoongoza kibofu ni nzima. Kwa mtoto wa mgongo wazi, aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunikwa, kibofu hakipati taarifa. Kwa mtoto wa Duchenne, taarifa zinafika sawasawa. Anajua amebanwa. Anajua vizuri sana.

Malalamiko yalikuwa haya: mkojo wa manjano iliyokolea wenye harufu kali, kuungua wakati wa kukojoa, kujikojolea usiku mara nne au tano kwa wiki wakati alishaacha tangu ana miaka 4, na mara mbili kulowa shuleni. Homa ilipimwa mara moja tu katika miezi mitano, ikawa nyuzi 37.6. Zahanatini alipimwa mkojo kila mara kwa kijiti, kile kinachobadilika rangi kikichovywa. Mkojo haukuoteshwa maabara kuona kama una vijidudu, hata mara moja.

Kijiti kwa mtoto huyu kinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Karatasi moja iliandikwa "damu +", na hapo dawa ikabadilishwa kuwa kali zaidi. Lakini kile kijiti hakitofautishi damu na mayoglobini, rangi inayotoka kwenye misuli iliyochanika. Mtoto wa Duchenne anaweza kuonyesha "damu" wakati chini ya darubini hakuna chembe nyekundu hata moja. Ndivyo tulivyokuta. Chembe za usaha zilikuwa chache, na mkojo tuliouotesha haukuota kitu. Alikuwa amemaliza siku 16 bila antibayotiki, kwa hiyo huwezi kusema dawa ndizo zilizoficha vijidudu. (Kosa la jamii hii hii hutokea kwa ini. Vimeng'enya vinavyoitwa vya ini, AST na ALT, hutoka pia kwenye misuli, na wapo wavulana waliotibiwa homa ya ini kwa miezi kabla mtu hajawaangalia wakiinuka kutoka sakafuni.)

Kuungua kulikuwa kweli. Mkojo mzito kupita kiasi unaunguza. Hilo halihitaji kijidudu.

Siku hiyo hiyo tulifanya altrasaundi, na hapo nusura nipotee zaidi. Familia ilikuwa imeondoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi gari, na mpaka saa 4 mtoto hakuwa amekojoa. Kibofu kilikuwa na mililita 420. Tukamwambia akojoe. Alikojoa akiwa amelala chali kitandani, chupa imeshikwa na muuguzi wa kike, pazia limefungwa nusu, wanafunzi wawili wa uuguzi wamesimama. Kilichobaki kibofuni kilikuwa mililita 140. Kwa umri wake, kubakiza zaidi ya mililita 20 tayari ni kingi.

Mwenzangu mmoja akapendekeza tumfundishe mama kutoa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa kibofuni, mara nne kwa siku, tuongeze na oksibutinini ya kutuliza kibofu, kama tunavyofanya kwa watoto wa mgongo wazi. Alikuwa na nia njema na namba zilimuunga mkono. Lakini oksibutinini ingefunga choo zaidi, ingebakiza mkojo zaidi, na ingekimbiza mapigo ya moyo kwa mtoto ambaye moyo wake tunaulinda. Na mpira, kwa kibofu kisicho na haja nao, ungeleta kwa mkono wetu ile UTI ambayo mpaka wakati huo hakuwa nayo.

Nilichofanya ni kurudia kipimo. Nilimwambia aende nje, akae kivulini na baba yake, anywe maji, arudi akianza kubanwa, asisubiri. Alirudi na mililita 210. Safari hii alikaa kwenye kiti chake, baba amemvuta nyonga mbele mpaka ukingoni na kumshika mgongo, mlango umefungwa, sisi wote nje. Kilichobaki: mililita 12.

Tofauti ya 140 na 12 ndani ya saa tatu haiwezi kuwa ya neva. Ni ya mkao na faragha, na ya kibofu kuwa kimefutuka kupita kiasi kabla ya kipimo. Ninaamini watoto wengi wenye ulemavu wameandikiwa "kibofu cha neva" kutokana na kipimo kimoja cha aina ile ya kwanza.

Kulikuwa na mambo mengine ya kuondoa mashaka. Anatumia prednisoloni kila siku, dawa inayowaongezea wavulana hawa miaka ya kutembea lakini inadhoofisha mifupa. Pingili ya mgongo ikivunjika na kubana uti wa mgongo, kibofu kinaweza kuwa cha kwanza kulalamika. Hisia za makalio na nyayo zilikuwa nzima, na picha ya mgongo haikuonyesha pingili iliyobonyea. Sukari ilikuwa sawa. Niliuliza juu ya maumivu ya kichwa asubuhi na kusinzia darasani, kwa sababu upumuaji unapodhoofika usiku, mtoto hukojoa sana usiku, na wazazi huleta shuka lililolowa kabla ya kuleta tatizo la mapafu. Hakuwa na dalili hizo. Figo hazikuwa na mawe wala hazikuvimba.

Nilikuta jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia. Upande wa kushoto wa tumbo, chini, kulikuwa na kitu kigumu kama mnyororo wa njugu mawe. Choo. Alikuwa akienda haja kubwa mara moja kwa siku nne au tano. Utumbo uliojaa huegemea kibofu, hukipunguzia nafasi na kukizuia kumaliza mkojo. Mama alijua juu ya choo kigumu lakini hakudhani kinahusiana na mkojo, na mimi sikumlaumu, kwa kuwa hata kadi zetu za kliniki zinaviweka kurasa mbali mbali.

Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ilikuwa maikromoli 22 kwa lita, na maabara ikaandika "nzuri". Hapa ningeomba kila anayewahudumia watoto hawa asimame kidogo. Kreatinini inazalishwa na misuli. Mtoto mwenye misuli michache huanza chini sana. Figo zake zikipoteza nusu ya kazi, kreatinini itapanda kutoka 22 hadi kama 44, na maabara itaandika tena "nzuri". Kipimo kinachofaa ni sistatini C, ambacho hakitegemei misuli. Sampuli ilipelekwa Dar es Salaam na majibu yakarudi salama. Nilifarijika mno, kwa kuwa mtoto huyu alikuwa ameanzishiwa enalapril akiwa na miaka 10 kulinda moyo, kama inavyoshauriwa. Enalapril kwa mtoto aliyekaukiwa maji inaweza kuziumiza figo. Na yeye alikuwa amekaukiwa karibu kila siku ya shule, bila mtu kujua.

Hilo tulilijua kwa daftari. Nilimpa mama daftari la kawaida la mistari na jagi dogo lenye alama za mililita, nikamwomba siku tatu, mbili za shule na Jumapili: saa, alichokunywa, alichokojoa, shuka kavu au limelowa. Mtoto akauliza, swali lake la kwanza kwangu, "Naandika mimi?" Nikamwambia ndiyo, wewe.

Jumatatu: nusu kikombe cha chai saa 12 asubuhi. Hakuna kingine mpaka saa 10 jioni. Mkojo saa 12 asubuhi, kisha saa 10 jioni, mililita 390. Kukadiria kibofu cha mtoto huwa tunachukua miaka yake, tunaongeza moja, tunazidisha kwa 30. Cha kwake ni 360. Kisha jioni ile ile, kati ya saa 10 na saa 3 usiku, alikunywa lita moja na robo. Usiku alilowa. Jumanne ilikuwa hivyo hivyo, mililita 310, rangi ameandika "kama chai ya rangi". Jumapili alikunywa kidogo kidogo siku nzima, akakojoa mara sita, mililita 150 hadi 250 kila mara, na shuka lilikuwa kavu.

Kibofu kibovu hakijui Jumapili.

Nilimwomba mama atoke kidogo, akabaki baba. Nikamuuliza mtoto shuleni anakojoa wapi. Kimya. Baba akasema, "Mjibu daktari, baba." Akasema: "Nikinywa maji nitasumbua watu." Kisha, bila kuulizwa tena, akaeleza yote. Vyoo viko ng'ambo ya uwanja. Kuna ngazi mbili. Mlango ni mwembamba kuliko kiti chake, na ndani ni tundu la kuchuchumaa. Wiki za mwanzo alibebwa na wavulana wakubwa, wawili wa mabega na mmoja wa miguu, na siku moja walimwangusha suruali mbele ya foleni. Siku aliyolowa darasani walimwita kikojozi mpaka mwalimu alipoingia. Basi akaacha kunywa. Muheza ni nchi ya machungwa, msimu ule yamejaa kila kona, wenzake wanamenya mapumzikoni, na yeye alikuwa amejikataza hata chungwa.

Baba yake alikuwa ameinama anachezea breki ya kiti. Hakujua.

Matibabu yalianzia tumboni. Laktulozi mara mbili kwa siku mpaka choo kilainike, kisha kipimo cha kuendelea, na kukalishwa chooni dakika kumi baada ya chakula cha jioni, wakati utumbo wenyewe unapenda kusukuma. Nyumbani wana choo cha shimo, na baba alitoboa kiti cha plastiki katikati akakiweka juu ya tundu, mgongo wa kiti umefungiwa mto. Papai na mchicha walikuwa navyo. Nilisisitiza maji kwanza, kwa sababu makapi mengi bila maji kwa mtoto asiyetembea hukaza zaidi.

Maji tulipanga lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, baada ya kipimo cha moyo kuonyesha unasukuma vizuri. Kwa mwenye moyo uliochoka kiasi hicho kingeamuliwa na daktari wa moyo. Sehemu kubwa inywewe kabla ya saa 10 jioni, na kidogo tu saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Enalapril isimamishwe siku za kuhara au kutapika na tupigiwe simu. Prednisoloni, kinyume chake, isiachwe ghafla hata siku moja, kwa kuwa mwili wake umeshaacha kujitengenezea homoni inayofanana na dawa hiyo. Mama alirudia maagizo haya mawili kwa sauti mara tatu, maana yanachanganya.

Antibayotiki hatukumpa.

Halafu shule, ambako ndiko ugonjwa ulikokuwa. Mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo alikwenda na wazazi kumwona mwalimu mkuu. Choo kipya chenye mteremko kiliahidiwa, na ahadi ni ahadi, lakini mtoto hukojoa leo. Wakakubaliana juu ya stoo ya madaftari iliyo pembeni ya darasa lake, yenye mlango unaofungwa. Chombo ni chupa ya plastiki ya lita moja. Shingo ilikatwa kwa mshazari, ukingo ukapitishwa juu ya kisu kilichopashwa moto mpaka ukajikunja na kuwa laini, kwani ukingo mkali humkata. Fundi cherehani aliirefusha zipu ya suruali za shule mpaka karibu na mshono wa chini, akaweka kamba ndogo kwenye kishikio cha zipu, maana vidole vyake vinachoka. Kazi ya robo saa, shilingi chache, na nadhani ilimsaidia kuliko chochote nilichoandika mimi.

Msaidizi alimchagua mwenyewe: mtoto wa shangazi yake aliye darasa la saba, na mwalimu mmoja wa kiume anasimama nje ya mlango. Hilo la mtu wa pili mlangoni mama ndiye alilidai, na alikuwa na haki. Nyakati za kukojoa ni mbili: saa 4 mapumziko ya chai, saa 7 mchana. Anakwenda hata kama hajabanwa.

Baada ya wiki sita hakuwa na kuungua wala homa, shuka lililowa mara moja kwa wiki, na choo kilikuwa kila siku au siku moja baada ya nyingine. Mkojo wa kurudi shuleni ulikuwa mililita 200 na kidogo.

Kisha mambo yakaharibika. Darasa la saba walimaliza mtihani mwezi wa tisa, binamu akamaliza shule, na hakuna aliyekuwa amefikiria nani atashika nafasi yake. Mtoto hakusema. Alirudia njia aliyoijua: chai nusu kikombe, kisha hakuna kitu. Wiki ya tatu alilowa darasani, na zahanati ile ile ikaandika UTI. Mama safari hii alikataa sindano, akaomba mkojo uoteshwe kwanza, akanipigia. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kalenda ya shule, na kosa hilo ni langu. Tangu hapo kwenye kadi ya kila mtoto wa aina hii ninaandika jina la msaidizi wa kwanza na wa pili, na mwezi ambao kila mmoja atamaliza shule.

Wasaidizi wake sasa ni wawili kutoka darasa lake mwenyewe, rafiki zake wa mpira ambao humweka golikipa wa kupiga kelele pembeni ya goli. Choo chenye mteremko kimefika kwenye linta. Mgongo umeanza kupinda kidogo upande wa kulia, na hilo litabadilisha mkao wa kukojoa tena, kwa hiyo atakuja kila miezi mitatu badala ya sita.

Daftari analileta kila mara ingawa siku hizi silidai. Ukurasa wa mwisho nilioona ulikuwa na mwandiko wake, herufi zimeegemea kama zinataka kulala: saa 4 na dakika 10, ml 240, maji kikombe, chungwa 1.